Gwiji wa vikapu aliyefuata bendi moja ya roki kwa zaidi ya nusu karne

HEBU piga hesabu kidogo. Ukiamua leo kuhudhuria tamasha la bendi unayoipenda kila wikendi, bila kukosa hata moja, uwe mgonjwa au mzima, uwe na pesa au umesota, itakuchukua zaidi ya miaka 16 kufikisha matamasha 850.

Bill Walton aliipita idadi hiyo. Na bendi aliyoifuata ilikuwa moja tu: Grateful Dead, ya muziki wa roki, kutoka California, Marekani.

Usidhani jamaa hakuwa na shughuli. Walton alikuwa mmoja wa wachezaji hodari zaidi wa mpira wa vikapu kuwahi kutokea Marekani. Alikuwa na urefu wa mita 2.11, akatwaa ubingwa wa NBA mara mbili, kisha akawa mtangazaji maarufu wa michezo kwenye runinga. Alifariki Mei 27, 2024, kutokana na saratani, akiwa na umri wa miaka 71.

Siku chache baadaye, bendi ya Dead & Company, iliyoendeleza nyimbo za Grateful Dead, ilionyesha picha zake kwenye skrini kubwa ya ukumbi wa Sphere, jijini Las Vegas. Jiulize: ni mashabiki wangapi duniani hufariki na bendi ikawaaga jukwaani mbele ya maelfu ya watu?

Kama umewahi kuulizwa nyumbani “hiyo bendi yako itakulisha?”, hadithi ya huyu jamaa inakuhusu.

Jina la kutisha, maana ya utu

Tuanze na hilo jina. Kwa Kiswahili ni kama kusema “Wafu Wenye Shukrani”. Ongeza fuvu la kichwa lililochorwa kwenye fulana, na mzazi wako atakimbilia maji ya baraka. Si unajua vile roki husemwa mitaani kwetu: muziki wa shetani, muziki wa wazungu, muziki wa watu waliochanganyikiwa.

Kumbe mambo ni tofauti. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Jerry Garcia, alilipata jina hilo mwaka wa 1965 alipofungua kamusi. Linahusu ngano ya kale inayosimuliwa katika nchi nyingi. Msafiri anakuta maiti imenyimwa mazishi kwa sababu marehemu aliacha madeni. Msafiri analipa deni kwa pesa zake za mwisho na maiti inazikwa. Baadaye anapopatwa na shida, roho ya yule marehemu inakuja kumsaidia.

Kwa ufupi, ni ngano ya mtu aliyetoa mchango wa mazishi ya mtu asiyemjua. Mkenya yeyote aliyewahi kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp la matanga anaelewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Bendi isiyojirudia

Walton alianza kuifuata bendi hii akiwa bado mvulana wa sekondari kule San Diego, miaka ya 1960. Unaweza kuuliza: kwani hao watu walikuwa na nini hata mtu awasikilize mara 850 bila kuchoka?

Jibu ni kwamba hakusikia kitu kilekile mara 850. Grateful Dead walipiga takriban matamasha 2,300 kati ya 1965 na 1995, na hawakuwa na orodha ya nyimbo ya kubeba kutoka mji hadi mji. Leo wimbo ungechukua dakika sita, kesho dakika ishirini. Wanamuziki walisikilizana papo hapo jukwaani na kuamua waelekee wapi. Usiku mwingine walipotea njia kabisa. Usiku mwingine walifika mahali ambapo hata wao hawakupatarajia. Usipokuwepo, imekupita.

Walton alipenda kulinganisha hali hiyo na mpira wa vikapu. Ukiwa kwenye timu nzuri, hujui pasi itatoka wapi, lakini unamwamini mwenzako na unakaa macho. Akiwa chuo kikuu cha UCLA chini ya kocha John Wooden, timu yake ilikuwa sehemu ya mfululizo maarufu wa ushindi wa mechi 88.

Na msifikiri Wooden alikuwa mtu wa masihara. Walton alipofika mazoezini akiwa na nywele ndefu kama mashabiki wenzake wa roki, kocha alimweleza kwa upole kwamba timu ingemkosa sana. Kijana alipanda baiskeli yake mbio kwenda kunyolewa, akarudi kufanya mazoezi. Bendi aliendelea kuipenda, lakini kazi aliifanya.

Kanda zisizouzwa

Kitu kimoja kiliwatofautisha mashabiki wa bendi hii, wanaojulikana kama Deadheads. Wakati bendi nyingine ziliwatuma mabaunsa kunyang’anya watu vinasa sauti, Grateful Dead waliwaruhusu mashabiki warekodi. Mwaka wa 1984 walianza hata kuwatengea sehemu maalum ukumbini, na ungeona vipaza sauti vimesimamishwa kwenye vyuma virefu kama msitu.

Sharti lilikuwa moja: kanda hizo zisiuzwe. Wewe unampa mwenzako tamasha la jana, naye anakupa la mwaka juzi. Kanda zilisafiri kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo, miaka mingi kabla ya intaneti kuingia majumbani.

Wataalamu wa biashara wangekuambia huo ni wazimu. Nani atanunua kitu anachopata bure? Lakini angalia kilichotokea. Bendi hii iliwahi kuwa na wimbo mmoja tu ulioingia kumi bora Marekani, “Touch of Grey”, mwaka wa 1987. Hata hivyo, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ziara zao zilikuwa miongoni mwa zilizoingiza pesa nyingi zaidi nchini humo. Kanda za bure ndizo zilizowaleta watu mlangoni.

Tena ndizo zilizohifadhi historia. Leo maelfu ya matamasha hayo yanasikika bure mtandaoni. Rekodi ya tamasha la Mei 8, 1977, katika Chuo Kikuu cha Cornell, imewekwa kwenye orodha ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Nje ya ukumbi nako kulikuwa na soko. Vijana waliuza mikate, fulana za rangi na shanga kwenye maegesho ya magari ili wapate mafuta ya kufika mji unaofuata. Hasla za kawaida tu, kama unazoziona nje ya uwanja siku ya mechi kubwa.

Usiku watatu Misri

Mnamo Septemba 14, 15 na 16, 1978, Grateful Dead walikuja barani kwetu. Walipiga muziki Giza, nchini Misri, chini ya piramidi. Jukwaani walishirikiana na Hamza El Din, mwanamuziki wa Kinubi ambaye kijiji chake cha Toshka kilimezwa na maji ya bwawa kuu la Aswan. Usiku wa mwisho, mwezi ulipatwa.

Walton alikuwepo. Lakini kumbuka hali yake. Mwaka huohuo alikuwa ametangazwa mchezaji bora wa ligi nzima ya NBA, baada ya kuipa Portland ubingwa mwaka wa 1977. Lakini mguu ulikuwa umevunjika. Msimu uliofuata hakucheza hata mechi moja.

Hapo ndipo hadithi hii inapogeuka.

Mwili ulipomsaliti

Katika maisha yake yote ya NBA, Walton alicheza mechi 468 pekee za msimu wa kawaida. Soma tena tarakimu hiyo. Ni karibu nusu ya matamasha aliyohudhuria. Mtu aliyezaliwa kucheza vikapu alitumia muda mwingi zaidi akiwa shabiki kuliko akiwa uwanjani, kwa sababu miguu yake ilikataa. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30.

Alipata nafasi ya mwisho na Boston Celtics, akatwaa ubingwa wa pili mwaka wa 1986. Huko aliwabeba hata wachezaji wenzake, akiwemo Larry Bird, akawapeleka kusikiliza bendi yake.

Tena alikuwa na kigugumizi kikali. Hadi umri wa miaka 28, kusema salamu tu kwa mtu asiyemfahamu ilikuwa vita. Alijifunza kuzungumza upya kwa msaada wa mtangazaji Marty Glickman, na baadaye akaishi kwa kutumia mdomo uleule uliomkatalia.

Kisha ikaja 2008. Uti wa mgongo uliharibika kabisa. Gwiji yule alishinda amelala sakafuni kwa uchungu, na amesimulia waziwazi kwamba alifika mahali pa kufikiria kujiua. Aliokolewa na upasuaji mkubwa, familia na marafiki waliokataa kumwachilia. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka wa 2016, alizipa jina “Back from the Dead”, yaani kurejea kutoka kwa wafu. Shabiki ni shabiki, hata kwenye jalada la kitabu.

(Na wewe unayesoma hapa ukiwa kwenye giza kama hilo, usikae nalo peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, leo.)

Aliposimama tena, alirudi kwenye matamasha. Ungemtambua kwa mbali: kichwa kimoja kikielea juu ya umati wote, mikono hewani, tabasamu kama la mtoto aliyenunuliwa soda. Katika baadhi ya mikesha ya Mwaka Mpya alipanda jukwaani akiwa amevalishwa kama mzee mwenye ndevu anayeuaga mwaka.

Upande wa giza

Haitakuwa haki kukuuzia hadithi tamu peke yake. Dawa za kulevya zilitembea sana katika matamasha hayo, na ziliharibu maisha ya watu. Garcia mwenyewe alipambana na heroini kwa miaka mingi.

Julai 1995, huko Indiana, mashabiki wasio na tiketi walibomoa ua wa uwanja wa Deer Creek wakaingia kwa nguvu. Tamasha la siku iliyofuata likafutwa. Bendi iliandika barua kuwaambia mashabiki wake kwamba wakiendelea hivyo, hakutakuwa na ziara tena. Hebu fikiria kuandikiwa barua kama hiyo na watu unaowapenda kuliko wote.

Wiki moja hivi baadaye, Julai 9, walipiga tamasha lao la mwisho na Garcia, Soldier Field, Chicago. Agosti 9 alikufa kwa mshtuko wa moyo akiwa kwenye kituo cha matibabu ya uraibu. Alikuwa na miaka 53.

Mapenzi ya shabiki, basi, yana pande mbili. Kuna anayevunja ua kwa sababu anaona bendi ni haki yake. Na kuna anayebeba kinasa sauti chake kwa utaratibu, arekodi, kisha ampe mwenzake bure. Wote wawili watakuambia wanaipenda bendi ileile.

Fulana zilizofika Olimpiki

Upendo ukiwa wa aina ya pili, hurudi. Mwaka wa 1992, Lithuania ilikuwa imetoka tu kujitenga na Muungano wa Kisovieti, na timu yake ya vikapu haikuwa na pesa za kwenda Olimpiki. Wapenzi wa michezo wa Kenya tunaijua vizuri hadithi ya timu ya taifa kukosa nauli.

Grateful Dead waliposikia, walitoa mchango, pamoja na fulana za rangi ya manjano, kijani na nyekundu zilizochorwa kiunzi cha mifupa kikitia mpira kwenye kikapu. Kule Barcelona, Lithuania iliishinda timu ya mataifa ya iliyokuwa Sovieti 82-78 na kunyakua shaba. Wachezaji walipanda jukwaa la medali wakiwa wamevaa fulana hizo.

Wafu wenye shukrani walikuwa wamelipa deni la mtu wasiyemjua.

Je, bendi yako inakufanya nini?

Si lazima upende roki. Huenda wewe ni mtu wa gengetone, benga, amapiano au kwaya ya kanisani. Swali ni lilelile.

Kuwatukana mashabiki wa msanii mwingine kwenye X usiku kucha hakukufanyi uwe shabiki sugu. Hata kununua tiketi ya VIP kwa pesa za kodi ya nyumba hakukufanyi. Jiulize mambo matatu tu. Muziki huo unakusukuma ufanye kazi yako vizuri zaidi, au umekuwa kisingizio cha kuiacha? Siku mwili au mambo yakikukatalia, utakuinua? Na wewe umewahi kuurudishia nini?

Kuna bendi mtaani kwenu inayopiga Ijumaa hii mbele ya watu thelathini. Pengine hakuna anayerekodi. Simu unayo mkononi. Waombe ruhusa, rekodi vizuri, iandike tarehe na mahali, kisha uihifadhi. Miaka thelathini ijayo, huenda wewe ndiye utakayekuwa na ushahidi pekee kwamba usiku ule ulikuwepo.