Vijana Wanaokula Peke Yao

Mwaka 1959 daktari mmoja wa kike kutoka Norway, aliyejulikana baadaye kwa jina la Louise Jilek-Aall, alifika katika milima ya Mahenge, nchi iliyokuwa ikiitwa Tanganyika wakati huo, akatibu watu wa kabila la Wapogoro. Huko alikuta vijana wengi wenye makovu makubwa ya moto usoni, mikononi na miguuni. Walikuwa wakikaa pembeni mwa jamaa zao, na wengi hawakutazama watu machoni. Vijana hao walikuwa na kifafa. Waliungua kwa sababu kifafa kiliwaangusha karibu na mafiga, na waliungua vibaya kwa sababu mara nyingi aliyekuwapo hakuthubutu kuwashika na kuwavuta. Wengine walianguka mtoni walipokwenda kuchota maji, wakafa katika maji ambayo mtoto mdogo angeweza kuyavuka.

Sababu ya watu kutothubutu ilikuwa hii. Iliaminika kwamba mate na povu la mgonjwa, na hata mkojo na upepo utokao tumboni mwake anapokuwa ameanguka, vinaambukiza. Kwa hiyo akianguka mtu, wenzake hukimbia. Akishapata nafuu hupewa sahani yake na kikombe chake, akala peke yake, na pengine hujengewa kibanda chake mbali kidogo na nyumba ya wazazi. Mambo hayo si ya Mahenge tu. Mtu aliyezaliwa shamba mahali popote katika Afrika ya Mashariki anaweza kukumbuka kijana mmoja wa namna hiyo, ambaye watu walimtaja kwa maradhi yake kuliko kwa jina lake: “yule wa kifafa.”

Si haki kuwacheka wazee waliofanya hivyo. Walikuwa wameona ndui ikimaliza nyumba nzima, na walikuwa wameona ukoma. Walijifunza kwamba kujitenga na mgonjwa huokoa wengine, wakaitumia kanuni hiyo kwa kila maradhi ya kutisha. Wazungu nao hawana la kujisifu katika jambo hili, maana kwa karne nyingi huko Ulaya watu waliogopa pumzi ya mwenye kifafa kama walivyoogopa pepo. Kanuni yenyewe ilikuwa njema. Kosa ni kwamba ilitumiwa mahali pasipo pake, kwani kifafa hakiambukizi hata kidogo. Mama anaweza kumfuta mwanawe povu kwa mkono mtupu, akala naye sahani moja jioni ile ile, na asipatwe na kitu.

Kifafa ni maradhi ya ubongo. Ubongo wa kila mtu hufanya kazi kwa nguvu ndogo za umeme zipitazo kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa utaratibu. Utaratibu huo ukivurugika ghafula, mwili huanguka, hukakamaa na kutetemeka. Au mtu hutazama tu kama asiyeona, kisha hurudi katika fahamu bila kujua lililotokea. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana maradhi haya, na karibu wanane katika kila kumi wanaishi katika nchi zisizo tajiri. Tofauti hiyo haitokani na damu ya watu wala na laana. Inatokana na mambo ambayo mengi yake yanaweza kuzuiwa: uzazi mgumu ambao mtoto hukosa hewa, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, pigo la kichwa, na minyoo.

Juu ya minyoo, wakulima wafugao nguruwe wanapaswa kusikia neno moja kwa uangalifu, kwa kuwa mara nyingi huelezwa vibaya. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye ugonjwa ambayo haikuiva, hupata tegu tumboni. Lakini kinachoingia ubongoni na kuleta kifafa ni mayai ya tegu huyo, nayo hutoka katika choo cha mtu, yakafika kinywani kwa mikono michafu, kwa maji au kwa mboga zisizooshwa. Basi mtu ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote aweza kupatwa, ikiwa jirani yake hana choo. Nguruwe waliofungiwa bandani na choo kilichochimbwa vizuri ni kinga ya kifafa, ingawa si wengi wanaovifikiria hivyo.

Huko Mahenge kulikuwa na jambo jingine zaidi. Daktari yule aliona watoto ambao, kabla ya kuanza kuanguka, vichwa vyao vilikuwa vikiinama mara kwa mara kama mtu anayeshindwa na usingizi. Wenyeji walikuwa na maneno yao kwa hali hiyo: “amesinzia kichwa.” Miaka mingi baadaye hali kama hiyo ilionekana kusini mwa Sudan na kaskazini mwa Uganda, ambako mwaka 2012 serikali ya Uganda ilifungua vituo maalum vya kuwatibu watoto hao. Mahali pote hapo pana mito iendayo kasi, na katika mito hiyo huzaliana usubi, wale inzi wadogo weusi waumao, waenezao maradhi ya macho yanayoitwa kwa jina lao. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba palipo na usubi kwa wingi, kifafa nacho huwa kingi miongoni mwa vijana. Dawa ya ivermectin, inayoua vijidudu vya usubi mwilini, ilianza kugawiwa vijijini Mahenge mnamo miaka ya 1990. Mwaka mmoja baada ya mwingine iligawiwa, na hata hivyo vijiji vingine viliendelea kuwa na kifafa kingi, maana dawa ya namna hii haifai kitu ikiwa nusu ya watu wako shambani siku ya kugawa.

Kenya ina bahati yake katika habari hii, na inafaa ikumbukwe. Usubi ulikuwako Nyanza, katika mabonde yenye misitu, na watu wengi wa huko walipofuka. Mwaka 1946 mito ya bonde la Kodera ilitiwa dawa ya DDT, na inzi wale wakatoweka. Kazi hiyo iliendelea katika mabonde mengine hadi katikati ya miaka ya 1950. Mmojawapo wa waliosimamia kazi hiyo, J. P. McMahon, alishiriki pia kugundua jambo la ajabu, kwamba viluwiluwi vya inzi hao hujishikiza katika migongo ya kaa wa mtoni, ndiyo maana watu walikuwa wamevitafuta juu ya mawe na majani bila kuviona. Walioifanya kazi hiyo walikuwa wakipigania macho ya watu. Hawakujua kwamba pengine walikuwa wakilinda na bongo za watoto wao.

Lakini kifafa hakikwisha Kenya. Katika kaunti ya Kilifi, ambako kituo cha uchunguzi wa maradhi kimekuwako tangu 1989, wachunguzi walishirikiana na wenzao wa Ifakara, Uganda, Ghana na Afrika ya Kusini, wakatokeza taarifa kubwa mwaka 2013 juu ya sababu za maradhi haya. Walikuta zile zile: uzazi wenye matata, pigo la kichwa, minyoo. Walikuta pia kwamba wagonjwa wengi sana hawakuwa wakimeza dawa yoyote. Pwani mtoto mchanga akishikwa na mtukutiko husemwa amepatwa na dege, na wazee hutafuta mtu wa kumzingua. Homa ile ikipita mtoto hupona, na sifa huenda kwa mzinguaji. Miaka michache baadaye, mtoto yule yule akianza kuanguka bila homa, jamaa hurudi kwa mtu yule yule, na mbuzi huanza kutoka zizini mmoja mmoja.

Kinacholeta uchungu katika habari hii ni kwamba dawa ipo, ni ya zamani, na bei yake si kubwa. Phenobarbitone ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912. Hiyo ndiyo dawa aliyoitumia Jilek-Aall alipofungua kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960, na watu wakaona kwa macho yao wenyewe mtu aliyekuwa akianguka kila juma akikaa miezi bila kuanguka, akarudi kulima. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu saba katika kila kumi wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayowafaa, na kwamba dawa ya mwaka mzima inaweza kupatikana kwa gharama isiyofika dola 5 za Marekani. Hata hivyo dispensari nyingi huishiwa. Hapo huja hatari ambayo wazazi hawaelezwi vya kutosha: mgonjwa aliyezoea vidonge hivi akivikatiza ghafula, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, kikamshika mfululizo hata kumwua. Basi vidonge vikibaki vya juma moja, ndio wakati wa kwenda kutafuta vingine.

Vidonge peke yake havimalizi shida ya kijana. Fikiri juu ya msichana wa miaka kumi na minne aliyeanguka mara moja tu darasani, mbele ya wenzake, akajikojolea. Kesho yake dawati lake lina nafasi pande zote mbili. Mwalimu, kwa kumhurumia, anamwambia akapumzike nyumbani, na mapumziko hayo hayana mwisho. Mvulana aliyepata bahati ya kumaliza masomo na kuajiriwa ofisini huficha vidonge katika soksi, humeza akiwa chooni, na siku anapokuwa na wageni chumbani hameki dozi kabisa. Anaanguka si kwa sababu dawa imeshindwa bali kwa sababu ya aibu. Yako makatazo ya kweli, nayo ni ya haki: asiendeshe gari wala mashine wakati kifafa kinapomshika bado, asiogelee peke yake, asipande mnazi, na mekoni pajengwe ukingo wa udongo. Lakini kuandika barua, kufundisha, kushona, kulima na kuuza duka hakuna lililokatazwa.

Katika ndoa jambo lilikuwa gumu zaidi, maana hapo hata sheria iliunga mkono hofu. Uingereza ilipitisha mwaka 1937 sheria iliyoruhusu ndoa kubatilishwa ikiwa mmoja wao alikuwa na kifafa wakati wa kuoana, na sheria ya Kenya ikafuata maneno hayo hayo, kifafa kikitajwa pamoja na wazimu. Waingereza waliifuta kwao mwaka 1971. Kenya iliendelea nayo mpaka Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Kwa hiyo watu wazima wengi wa leo walikua katika nchi ambayo mtu mwenye akili timamu, kwa sababu tu ya kuanguka mara chache kwa mwaka, aliweza kuambiwa mahakamani kwamba ndoa yake si ndoa. Msichana mwenye kifafa aweza kuolewa na kuzaa. Anachohitaji ni kumwona daktari mapema, kwa kuwa dawa moja, valproate, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na ni lazima ibadilishwe kwa utaratibu kabla ya mimba, wala si yeye mwenyewe kuiacha.

Limebaki neno juu ya yule aliye karibu wakati mtu anapoanguka. Amwondoe penye moto, maji au barabara, amlegeze nguo shingoni, amwekee kitu laini chini ya kichwa, na mtikisiko ukipungua amlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Asimtie kijiko wala kijiti kinywani, maana hivyo ndivyo meno yanavyovunjika. Asimshike kwa nguvu, wala asimnyweshe kitu. Atazame saa. Ikipita dakika 5 na mtikisiko haujakoma, au ukirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Ukikoma wenyewe, mtu akae naye. Atazinduka amechoka, hajui aliko, na pengine nguo zimelowa. Apewe kanga ya kujifunika kabla watu hawajarudi kutazama.