Zamu ya Nani? Alonso, Hamilton na Jumamosi ya Hungaroring

Jumamosi ya tarehe 4 Agosti 2007, hakuna dereva aliyekuwa na kasi kumshinda Fernando Alonso pale Hungaroring, nje kidogo ya jiji la Budapest. Kesho yake akaanza mbio akiwa wa sita. Mwenzake wa timu, Lewis Hamilton, ambaye Jumamosi alikuwa wa pili, ndiye aliyeanza mbele ya wote na ndiye aliyeshinda. Timu yao, McLaren, ilimaliza na dereva wa kwanza na wa nne, lakini katika ubingwa wa timu haikuandikiwa pointi hata moja. Magari hayakugongana, na hakuna fundi aliyekutwa amechezea injini. Kosa lote lilikuwa gari moja kusimama kwa takriban nusu dakika huku jingine likisubiri nyuma yake.

Kwa anayetaka kuelewa mbio za langalanga, sijui kisa kinachofundisha zaidi ya hiki. Wengi hutazama Jumapili peke yake, taa zikizimika na magari ishirini na ushei yakikimbilia kona ya kwanza. Lakini uhasama mkubwa wa mchezo huu huzaliwa Jumamosi, siku ya kufuzu, madereva wanapogombea nafasi za kuanzia mbio, na mara nyingi huzaliwa ndani ya gereji moja.

Chanzo chake ni rahisi kukiona. Magari ya timu mbili hayalingani, kwa hiyo dereva wa timu hii akimshinda wa timu ile, hutajua kama ni mikono yake au ni injini. Mtu mmoja tu duniani ana gari kama lako: mwenzako wa timu. Ukishindwa naye huna pa kujificha. Mabosi hulijua hilo wanapoandika mikataba, na madereva nao hulijua. Siku ya kufuzu ndiyo huwaanika zaidi, kwa sababu hakuna mbinu ndefu za mbio wala ajali za wengine za kusingizia. Ni mzunguko mmoja, saa, na jina lako likiwa juu au chini ya jina la mwenzako.

Mwaka 2007 mizani hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Alonso alikuwa amefika McLaren akiwa bingwa wa dunia mara mbili mfululizo, 2005 na 2006, akiwa na Renault. Alitarajia, na sioni ubaya wake, kuwa timu ingemjenga yeye. Hamilton alikuwa na miaka 22 na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza, ila hakuwa mgeni nyumbani hapo: McLaren ilikuwa ikimlea tangu akiwa kijana wa mbio za magari madogo ya karti. Katika mbio zake tisa za mwanzo alipanda jukwaani zote tisa. Walipofika Hungary, chipukizi alikuwa na pointi 70 na bingwa 68.

Bosi wao, Ron Dennis, alikuwa na msimamo aliokuwa akijivunia: hakuna namba moja wala namba mbili, wote sawa. Ni msimamo wa heshima. Ugumu wake ni kwamba langalanga ina vitu visivyogawanyika. Kila dereva ana wahandisi wake na mafundi wake, lakini kituo cha kubadilishia matairi, na wakati huo kujazia mafuta, mbele ya gereji ni kimoja kwa timu nzima. Gari la pili likifika mapema, linasubiri. Kwa hiyo usawa wa Dennis haukuwa usawa wa kupewa kila mtu chake. Ulikuwa usawa wa zamu. Na waliokulia katika nyumba ya ukewenza wanajua kwamba ugomvi mkubwa hauanzii kwenye mapenzi, unaanzia kwenye zamu iliyorukwa.

Zamu iliyorukwa Hungary ilikuwa ya mafuta, na hapa inabidi nieleze kanuni ambayo leo haipo tena. Wakati huo magari yalijazwa mafuta katikati ya mbio. Madereva kumi waliofika sehemu ya tatu na ya mwisho ya kufuzu walilazimika kuingia humo wakiwa na mafuta waliyokusudia kuanzia mbio. Gari zito ni gari la polepole: kilo 10 za mafuta hugharimu takriban sehemu tatu za kumi za sekunde kwa mzunguko. Lakini kanuni iliwapa mwanya. Kwa kila mzunguko uliokamilika kwa kasi ya kuridhisha, timu iliruhusiwa kurudishiwa mafuta ya mzunguko huo baada ya kufuzu. Basi kwa dakika kadhaa za mwanzo madereva wote walikuwa wakizunguka ili kuchoma mafuta tu, gari liwe jepesi kwa mizunguko miwili ya mwisho yenye maana, wakijua kesho watajaziwa tena.

Dakika zilikuwa 15. Aliyetangulia kutoka alikuwa na nafasi ya kupata mzunguko mmoja zaidi ya wengine. Mzunguko mmoja ni kilo mbili na kitu, yaani chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Utasema ni kitu gani hicho. Mwisho wa siku ile Alonso alikuwa na dakika 1 na sekunde 19.674, Hamilton dakika 1 na sekunde 19.781. Tofauti ni sekunde 0.107. Hiyo ni karibu sawa na thamani ya mzunguko mmoja wa mafuta.

McLaren ilikuwa ikiwapokezana fursa hiyo kutoka mbio moja hadi nyingine, na Hungary ilikuwa zamu ya Alonso. Hamilton alitangulia kutoka, na mpango ulikuwa amwachie mwenzake apite. Akaambiwa kwa redio. Hakumwachia. Alieleza baadaye kwamba Kimi Räikkönen wa Ferrari alikuwa karibu nyuma yao, na kupunguza mwendo kungempa Ferrari nafasi ya kupenya. Redioni walirudia agizo. Hamilton akaendelea mbele. Mzunguko wa ziada ukamwendea asiyestahili, na mpangilio mzima wa timu ukapinda.

Nasisitiza sehemu hii kwa sababu husahaulika. Picha iliyozunguka dunia ni ya Alonso amesimama. Picha ya Hamilton akiendelea kwenda haipo, maana gari linalokimbia linaonekana linafanya kazi yake. Lakini deni la siku ile liliandikwa hapo.

Zikabaki dakika mbili na kidogo. Magari yote mawili yakarudi kwa matairi mapya ya mwisho, Alonso mbele, Hamilton nyuma yake. Matairi ya Alonso yakafungwa haraka, lakini kibao cha kumzuia hakikuinuliwa. Timu ilisema ilikuwa inahesabu sekunde ili aingie njiani mahali pasipo na magari mengine. Zilipita kama sekunde 20. Kibao kikainuliwa. Alonso hakuondoka. Zikapita nyingine kama 10, Hamilton akitazama mgongo wa gari la mwenzake, ndipo Alonso akaondoka.

Kuelewa uzito wa sekunde hizo kumi lazima ujue saa ya kufuzu inavyofanya kazi. Ukitoka kituoni huanzi kupimwa papo hapo. Unazunguka kwanza njia nzima, zaidi ya kilomita 4 pale Hungaroring, ukipasha moto matairi, ndipo uvuke mstari na mzunguko wako uanze kuhesabiwa. Muda ukiisha, bendera ya mirabaraba hupeperushwa. Aliyevuka mstari kabla yake anaruhusiwa kumaliza mzunguko wake, asiyevuka, basi. Alonso alivuka zikiwa zimebaki sekunde chache mno, akaendesha mzunguko safi kabisa, akamnyang'anya Hamilton nafasi ya kwanza. Hamilton alikuta bendera imeshatoka.

Kwenye televisheni tulimwona Dennis akivua vipokea sauti vyake na kuvitupa, kisha akimwendea mtaalamu wa viungo wa Alonso kwa maneno makali. Waamuzi wa mbio wakawaita wote. Alonso alisema alichelewa kwa sababu alikuwa akimuuliza mhandisi wake kama amefungiwa seti sahihi ya matairi. Waamuzi hawakuridhika, wala hawakuridhika na maelezo ya timu kuhusu sekunde 20 za kwanza. Usiku ule wakaamua kwamba Alonso alimzuia dereva mwingine bila sababu: arudishwe nafasi tano. Na McLaren isipate pointi za ubingwa wa timu kwa mbio hizo.

Adhabu ya Alonso naikubali. Alijua saa inasema nini; madereva wa kiwango chake huendesha na saa kichwani. Ile ya timu ndiyo naiona nzito, kwa sababu ugomvi ulikuwa wa nyumbani na aliyeumizwa alikuwa mtu wa nyumba hiyohiyo. Lakini ninachowalaumu McLaren ni kwamba walikuwa na kanuni ya zamu isiyo na adhabu kwa anayeiruka. Hamilton alipokaidi redioni, hakuna kilichotokea. Hakuna aliyemwambia Alonso kuwa atalipwa vipi. Mtu aliyenyimwa haki yake na kuona mwamuzi wa nyumbani amenyamaza, atajitafutia malipo mwenyewe, na Alonso aliyapata mahali pekee palipokuwa mikononi mwake: pale kituoni, kwa kutokwenda.

Jumapili ilionyesha kwa nini walikuwa wanagombea sehemu za kumi za sekunde. Hungaroring ni njia nyembamba yenye kona zinazofuatana, na kumpita mtu humo ni kazi kubwa. Hamilton aliongoza, Räikkönen akamfuata karibu mbio nzima bila kupata pa kupita, wakamaliza wakiwa wamepishana chini ya sekunde moja. Alonso, kutoka nafasi ya sita, alifika ya nne, nyuma ya Nick Heidfeld wa BMW.

Lakini kabla ya mbio hizo, asubuhi, Alonso na Dennis walikuwa wamekutana na kugombana. Msimu huo McLaren ilikuwa ikichunguzwa kwa kukutwa na nyaraka za siri za Ferrari, na kwa maelezo ambayo Dennis aliyatoa baadaye, katika ugomvi huo Alonso alitaja barua pepe zilizohusu jambo hilo. Dennis mwenyewe akampigia simu Max Mosley, rais wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, kumweleza. Kwa maelezo hayohayo ya Dennis, Alonso aliomba radhi siku ileile kupitia meneja wake. Maneno yalikuwa yameshatoka. Tarehe 13 Septemba Baraza la shirikisho liliiondoa McLaren katika ubingwa wa timu wa mwaka huo na kuitoza faini ya dola milioni 100. Siwezi kusema yote hayo yalisababishwa na kibao na matairi. Uchunguzi ulikuwa umeanza kabla ya hapo. Ila mazungumzo ya asubuhi ile yalitokana moja kwa moja na Jumamosi.

Kisha ikaja hesabu ya Oktoba. Baada ya mbio za mwisho nchini Brazil, Räikkönen alikuwa na pointi 110, Hamilton 109, Alonso 109. Watu husema McLaren ilikosa ubingwa wa madereva kwa pointi moja, na kwa Alonso haikuwa hivyo hasa: kama angelingana na Räikkönen bado angeshindwa, kwa kuwa Räikkönen alishinda mbio sita na yeye nne. Alihitaji mbili. Sasa rudi Hungary. Mshindi wa pili alipata pointi 8, wa tatu 6, wa nne 5. Kama Alonso angeanza mbele na kumaliza walau wa pili, Räikkönen akiwa wa tatu na mengine yote yakibaki yalivyokuwa, msimu ungeisha Alonso 112, Hamilton 109, Räikkönen 108. Kwa njia inayonyima watu nafasi ya kupitana kama ile, hayo hayakuwa mbali. Alonso aliondoka McLaren mwisho wa mwaka, akarudi Renault.

Mwaka uliofuata kanuni ya kurudishiwa mafuta ikafutwa, na tangu 2010 magari hayajazwi mafuta katikati ya mbio. Zamu, hata hivyo, zimebaki. Zimebadilisha sura tu. Monaco mwaka 2014, siku ya kufuzu, Nico Rosberg wa Mercedes alikuwa anaongoza alipoikosa kona ya Mirabeau na kuingia kichochoro cha dharura. Bendera za njano zikatolewa, na mwenzake Hamilton, aliyekuwa anakuja nyuma kwa kasi, akalazimika kuacha mzunguko wake. Waamuzi walichunguza wakaona Rosberg hana hatia. Hamilton hakuficha kwamba haamini.

Monza 2019 kilichogawanywa kilikuwa upepo. Katika njia ile ya mistari mirefu, ukijificha nyuma ya gari la mbele unapata kasi bila kulipa chochote, hivyo Ferrari iliwapangia Sebastian Vettel na Charles Leclerc wabebane kwa zamu. Vettel alitangulia mara ya kwanza, Leclerc akafaidi. Zamu ya kurudisha ilipofika, magari tisa yalitoka yakivutana, kila mmoja akikataa kuwa wa mbele, wakazubaa mpaka bendera ikatoka. Ni Leclerc na Carlos Sainz wa McLaren pekee waliovuka mstari kwa wakati. Muda wa mwanzo wa Leclerc ukatosha kumpa nafasi ya kwanza. Vettel, bila malipo yake, akabaki wa nne, na hasira yake kila mtu aliiona. Jumapili Vettel aliserereka akapata adhabu na kumaliza wa 13, na Leclerc akaipa Ferrari ushindi wake wa kwanza Monza tangu ule wa Alonso mwaka 2010. Alipovuka mstari, bosi wake Mattia Binotto alimwambia kwa redio kwamba amesamehewa.