Vigunduzi vya Gesi Melini: Kwa Nini Ugezi ni Suala la Afya

Pua ya binadamu si mlinzi wa kutegemewa melini. Haidrojeni salfaidi, gesi ipatikanayo katika mafuta ghafi, matangi ya majitaka na ngama zenye samaki waliooza, hunuka kama mayai viza ikiwa kidogo. Ikifikia takriban sehemu 100 kwa milioni ya hewa, huipooza hisi ya kunusa. Baharia hudhani gesi imetoweka, kumbe imezidi. Kaboni monoksidi nayo haina harufu kabisa, na hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200.

Ndiyo maana vigunduzi vya gesi vya kudumu hufungwa katika meli nyingi, kwa mfano katika vyumba vya pampu, vyumba vya injini na sehemu zinazopakana na matangi ya shehena. Vihisio vyake, hata hivyo, huchakaa kwa umri, joto, mtikisiko na unyevu wa chumvi. Mvuke wa silikoni unaweza kukiharibu kihisio cha gesi ziwakazo kiasi kwamba gesi hupita ilhali kifaa kinaonyesha sifuri.

Hapo ndipo ugezi unapohitajika, yaani kukilinganisha kifaa na kipimo kinachojulikana. Kwanza kihisio hupewa hewa safi: gesi ya sumu isomeke sifuri, na oksijeni asilimia 20.9. Kisha hupulizwa gesi ya mtungi ambao kiwango chake kimethibitishwa na muda wake haujapita. Mtungi ukiwa na sehemu 25 kwa milioni, kifaa nacho kisome 25. Kisiposoma hivyo hurekebishwa, na kikishindikana kihisio hubadilishwa. Fundi huhakikisha pia kuwa king'ora kinalia, kisha huandika tarehe na matokeo. Muda kati ya ugezi mmoja na mwingine hufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Kwa mhudumu wa afya, kumbukumbu hizo ni sehemu ya historia ya mgonjwa. Baharia akiletwa akiwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, ulizeni kifaa kilisoma nini na kilifanyiwa ugezi lini. Usomaji mdogo wa kifaa kilichosahauliwa usizishinde dalili zilizo mbele yenu. Vilevile, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni huweza kuonyesha kiwango cha kawaida kwa mtu aliyevuta kaboni monoksidi. Mpeni oksijeni bila kuchelewa, na pimeni damu.

Nanyi mabaharia, kigunduzi cha kudumu hakiondoi wajibu wa kupima hewa kwa kifaa cha mkononi kabla ya kuingia tangini. Wenzenu wawili watatu wakiumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje mara moja. Mwenzenu akianguka ndani, piteni kwanza kwenye king'ora: asiingie mtu kumwokoa bila kifaa cha kupumulia chenye hewa yake, kwani mwokoaji asiye nacho huwa majeruhi wa pili.