Bega lililopasuliwa halitaki pupa wala uvivu

Umetoka hospitalini, jeraha limefungwa bandeji na mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Bila shaka unajiuliza ni lini utaweza tena kuchana nywele, kuanika nguo au kushika chuma cha juu ndani ya matatu. Itachukua miezi, si wiki, na mengi yatategemea unavyojitunza nyumbani.

Bega ndicho kiungo kinachozunguka zaidi ya vyote mwilini. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, nacho kishimo kinachokibeba ni kifupi, mfano wa chungwa juu ya kisahani. Kinachokizuia kisiteleze ni misuli minne na kano zake. Mara nyingi kano hizo ndizo huchanika, na daktari huzishona zirudi kwenye mfupa.

Kano iliyoshonwa huhitaji wiki 12 hivi ili ishike barabara. Ukiuinua mkono kwa nguvu zake wenyewe mapema, huenda ikachanika tena. Lakini ukiuacha tuli siku zote, bega hukaza na kuganda, hasa kwa wenye ugonjwa wa kisukari.

Ndiyo sababu kitambaa huvaliwa kwa wiki 4 hadi 6, hata usiku, huku ukikunja na kukunjua vidole na kiwiko kama utakavyoelekezwa. Daktari akikuruhusu, inama kidogo, ushike meza kwa mkono ulio mzima, na ule mgonjwa uuache ubembee kama ndoo kwenye kamba. Usiusukume. Yumbisha mwili, nao utafuata.

Baadaye, lala chali, shika mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili na uache mkono mzima ufanye kazi ya kuuinua ule mwingine. Kisha utatambaza vidole ukutani, ukiweka alama ya penseli pale ulipofika. Mazoezi ya kuongeza nguvu husubiri hadi miezi 3 hivi ipite.

Wengi huharibu kazi ya daktari kwa mambo madogo. Usijiinue kitandani kwa mkono huo. Lala ukiegemea mito, nusu umekaa. Ukivaa shati, anza na mkono mgonjwa. Ukilivua, uwe wa mwisho. Usikubali makanga akuvute mkono ili upande upesi. Na yule jirani mwenye mafuta ya kukanda, anayeahidi kulinyoosha bega kwa siku moja, mshukuru tu na umpe chai.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi ni ya kawaida. Yakidumu hadi kesho yake, umezidisha, punguza. Lakini ukipata homa, usaha, wekundu unaoenea au ganzi vidoleni, au mkono uliokuwa ukiinuka ukishindwa ghafla, rudi hospitalini siku hiyo hiyo.