Mpunga Unaobana Pumzi: Vinasaba, Mafuriko na Maswali ya Wagonjwa

Mahindi ya bondeni hunyauka huku mizizi yake imelowa. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini sababu yake ni nyepesi: mmea uliozama umekosa hewa. Oksijeni husambaa ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosambaa hewani. Udongo ukishajaa maji, mizizi na vijidudu humaliza upesi kiasi kidogo kilichosalia baina ya chembe za udongo, na kingine hakiji. Mzizi uliokosa oksijeni hushindwa kufyonza maji na madini, na jani hukauka juu ya dimbwi.

Mhudumu wa afya aliyewahi kumwangalia mgonjwa mwenye upungufu mkali wa oksijeni ataitambua hali hiyo. Seli ya binadamu yenye oksijeni ya kutosha hupata kutoka kwa molekuli moja ya glukosi nishati ya takriban molekuli 30 za ATP. Ikikosa oksijeni hupata 2 tu, na asidi ya laktiki hujikusanya. Seli ya mzizi nayo hushuka hadi kiwango kilekile cha nishati, ila zao lake kuu ni ethanoli, kileo kilekile cha pombe. Kwa mtu na kwa mmea, akiba ya sukari huteketea haraka kwa faida ndogo, na uhai hutegemea akiba hiyo itadumu muda gani.

Kufanana huku kunakwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba kwa kueleza jinsi seli za binadamu na wanyama zinavyohisi upungufu wa oksijeni. Kuna protini ambayo seli huitengeneza daima na kuivunja daima maadamu oksijeni ipo. Oksijeni ikipungua, protini hiyo haivunjwi tena, bali huziamsha jeni za kujihami, ikiwamo ile inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu. Mimea haina protini hiyo, lakini ina nyingine zinazotumia hila ileile, kama vikundi viwili vya watafiti vilivyoonyesha mwaka 2011. Mtu anayetaka kuusaidia mmea ustahimili maji, basi, anajua swichi iko wapi.

Mfano uliozaa matunda makubwa zaidi ni wa mpunga. Katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India, wakulima walikuwa na mbegu ya kienyeji ambayo wataalamu waliiita FR13A. Mavuno yake yalikuwa haba, lakini ilikuwa na sifa moja adimu: ilifunikwa na maji kwa wiki mbili na bado ikachipua yalipopungua. Mpunga wa kawaida ukizamishwa hufanya kinyume. Hutumia akiba yake yote kurefusha majani ili yatokeze juu ya maji. Maji yakiwa mengi mno hufa kabla ya kufika, na yakiondoka mapema huanguka kwa udhaifu.

Mwaka 2006 Kenong Xu, David Mackill, Pamela Ronald na wenzao waliitangaza jeni iliyobeba sifa hiyo, SUB1A. Inaamshwa na gesi ya ethilini, ambayo mmea huitoa wakati wote lakini hushindwa kutoroka tishu zikiwa zimezungukwa na maji. Gesi hii si ngeni kwa yeyote aliyewahi kuvundika ndizi: ndiyo inayoiva matunda yaliyofungiwa mahali pamoja, na moshi wa kuvundikia nao huibeba. Katika mpunga wa kawaida ethilini ni ishara ya kukimbia juu. Penye SUB1A ishara hiyohiyo huzuia homoni ya kurefusha shina. Mmea hutulia, hubana matumizi ya sukari, na kungoja. Si kila mafuriko yanahitaji subira ya namna hii. Mahali ambapo maji hupanda taratibu na kukaa kwa miezi, mpunga wa vina virefu hurefuka kwa kasi mpaka utokeze, kwa kazi ya jeni mbili ambazo watafiti wa Japani walizieleza mwaka 2009 na kuziita Snorkel, kwa jina la mrija wa kupumulia wa wapiga mbizi.

Hapa pana jambo linalochanganywa sana, hata na watu wasomi. Ili kuthibitisha kwamba SUB1A ndiyo yenye kazi, watafiti waliipandikiza maabara katika mpunga usiostahimili maji, nao ukastahimili. Huo ulikuwa uhandisi jeni kamili. Lakini mbegu iliyokwenda kwa wakulima haikutokana na upandikizaji huo. Waliivusha jeni hiyo kwa uzazi wa kawaida, chavua kwa ua, kizazi baada ya kizazi, wakitumia alama za DNA kuchagua miche iliyoirithi. Ndivyo ilivyopatikana Swarna-Sub1, iliyoidhinishwa India mwaka 2009. Katika jaribio lililofanywa kwenye mashamba ya wakulima wa Odisha, mashamba yaliyozama siku 10 yalitoa mavuno zaidi kwa takriban asilimia 45 kuliko yale ya mbegu iliyozoeleka, na palipokosekana mafuriko hakukuwa na hasara. Watafiti hao waliona pia kwamba ardhi ya chini inayozama mara kwa mara inakaliwa zaidi na watu wa matabaka yaliyotengwa.

Uhandisi jeni wenyewe unahitajika pale ambapo zao halina ndugu mwenye sifa inayotakiwa, au uzazi wa kawaida ungechukua muda mrefu mno. Mwaka 2016 watafiti nchini Uingereza walieleza jinsi walivyopunguza nguvu ya jeni moja ya shayiri, ile inayoshiriki kuzivunja protini za kuhisi oksijeni. Shayiri hiyo ilibaki ya kijani na kuzaa vizuri zaidi katika udongo uliojaa maji. Ilikuwa kazi ya kitalu cha kioo, na kati ya kitalu na shamba pana safari ndefu.

Wagonjwa huuliza: je, jeni hizo zitaingia mwilini? Kila mlo wa mboga, nyama au ugali una mabilioni ya jeni, na utumbo humeng'enya DNA ya mmea uliobadilishwa kama umeng'enyavyo nyingine yoyote. Mwenye kisukari anayejidunga insulini ya binadamu anatumia zao la vijidudu vilivyopewa jeni ya binadamu. Insulini hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982. Sehemu ya homa ya ini B katika chanjo ya pentavalenti, anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, hutengenezwa kwa hamira iliyobadilishwa kwa njia hiyohiyo.

Hata hivyo, usalama wa insulini hauthibitishi usalama wa mahindi fulani. Kila zao hupimwa kivyake: protini gani mpya imeongezwa, je, inafanana na sumu au kichochea mzio kinachojulikana, je, virutubisho vimebadilika. Katika miaka ya 1990 maharage ya soya yalipewa jeni kutoka kokwa za Brazili ili kuboresha protini yake. Vipimo vya damu za watu wenye mzio wa kokwa hizo vilionyesha kwamba mzio umehamia kwenye soya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, mradi ukaachwa, na soya hiyo haikuuzwa kamwe. Kisa hiki hutajwa na wapinzani na watetezi vilevile. Kwa daktari, kinaonyesha swali sahihi la kuuliza. Likiulizwa kuhusu SUB1A, jibu ni kwamba ni jeni ya mpunga ndani ya mpunga. Likiulizwa kuhusu shayiri ile, ni jeni iliyofifishwa bila kuongezewa protini mpya.

Tanzania hairuhusu kilimo cha kibiashara cha mazao yaliyobadilishwa kwa uhandisi jeni. Majaribio ya mahindi ya namna hiyo yaliyofanyika Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa na serikali mwaka 2018. Kenya iliondoa katika Oktoba 2022 katazo lililokuwapo tangu 2012, na suala likaishia mahakamani. Mgonjwa anayesikia mabishano hayo redioni asidhani kwamba yanahusu kila mbegu iliyopitia maabara.

Mafuriko yenyewe hayangoji. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Kliniki baada ya mafuriko hujiandaa kwa kipindupindu, kuhara na malaria, na ni haki. Njaa huja nyuma yake, akiba ya nyumbani inapokwisha na msimu uliozama hauna cha kuvunwa. Uzito wa mtoto kwenye kadi husimama, kisha hushuka, na aghalabu hakuna anayeuhusisha na maji yaliyokauka miezi iliyopita. Kumuuliza mama shamba lake liko bondeni au mlimani, na alivuna nini, ni sehemu ya kuchukua historia ya mgonjwa.

Zao lililookoka majini si lazima liwe chakula salama. Hakuna jeni ya kuhisi oksijeni inayozuia ukungu katika mahindi yaliyovunwa mabichi na kuhifadhiwa bila kukaushwa. Aflatoksini iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kwa mwenye maambukizi sugu ya homa ya ini B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kusonga ugali. Punje zilizobadilika rangi au zenye ukungu zisiliwe, wala wasipewe kuku na ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sehemu ya sumu hutoka katika maziwa.