Sauti ya Kimasai sokoni: X Plastaz waliuza nini, na nani alivuna?

KARATU – Mfanyabiashara anayepita mjini hapa akielekea lango la Loduare, Ngorongoro, huona bidhaa moja ikiuzwa kwa sura nyingi: Umasai. Upo kwenye shuka, kwenye ushanga, kwenye rungu na vinyago vya madukani, na kwenye maboma ya utamaduni ambako mgeni hulipa kiingilio, akaimbiwa, akarukiwa na akapigiwa picha. Tangu barabara ya Makuyuni hadi langoni iwekwe lami kwa msaada wa Japani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, biashara hiyo imekuwa na kupanuka.

Katika bidhaa zote hizo, inayouzwa kwa hasara zaidi ni sauti. Wimbo wa boma hulipwa mara moja tu, kwa fedha taslimu, na mgeni akishaondoka na kinasa sauti chake, hesabu imefungwa. Masika yakiingia, Aprili na Mei, wageni hupungua na wimbo nao hulala. Lakini lipo kundi moja la Arusha, kilomita zipatazo 140 kutoka hapa, lililojaribu kuiuza sauti hiyo kwa njia nyingine: kuirekodi, kuichanganya na muziki wa kisasa na kuipeleka Ulaya. Kwa mwekezaji mdogo, safari ya kundi hilo ni kitabu cha hesabu kinachostahili kufunguliwa.

Kundi hilo ni X Plastaz, lililoanzishwa Arusha mwaka 1996. Lilikuwa karibu na kampuni ya kifamilia: Nelly na Ziggy, baadaye wadogo zao Steve na Dineh, pamoja na Gsann aliyekuwa mwenzao wa karibu. Walichana kwa Kiswahili kuhusu maisha ya uswahilini, ukata na rushwa. Hadi hapo hawakuwa na tofauti kubwa na makundi mengine ya wakati ule, yaliyochipuka baada ya redio binafsi kuruhusiwa. Tofauti ilikuja pale walipomwingiza Merege, mwimbaji wa Kimasai.

Hapa inafaa kueleza ugumu wa jambo lenyewe, maana wengi hudhani ni kuweka Mmasai mbele ya maikrofoni na kazi imekwisha. Uimbaji wa Kimasai kwa kawaida hauna ngoma. Kiongozi, olaranyani, hutoa mstari. Wenzake humjibu kwa mngurumo wa kooni, na mapigo yote hukaa kwenye pumzi, shingo na miguu. Hip hop kwa upande wake hujengwa juu ya ngoma ya mashine isiyoyumba. Kuunganisha vitu hivyo viwili ni majaribio kamili, hayana formula iliyoandikwa popote. Mtayarishaji akikosea, Mmasai anakuwa pambo tu, kama kinyago cha mapokezi ya hoteli. X Plastaz walifanikiwa kumfanya awe sehemu ya wimbo.

Majaribio ya namna hiyo hayakuanza Arusha. Miaka ya 1970 palikuwa na bendi ya Sunburst jijini Dar es Salaam, iliyopiga roki ya Kiafrika wakati bendi nyingi zikishindana kwa rumba. Santuri yao ndefu, Ave Africa, waliirekodi Zambia mwaka 1976. Ilikaa miongo minne ikiwindwa na wakusanyaji wa santuri za zamani, hadi kampuni ya Strut ya Uingereza ilipoitoa upya mwaka 2016 pamoja na rekodi zao nyingine. Msomaji aone mfanano: wapigaji na jasho ni vya kwetu, lakini aliyeifikisha kazi kwenye soko la dunia yuko Ulaya.

Kwa X Plastaz mlango wa nje ulikuwa Mholanzi Thomas Gesthuizen, mmoja wa waandishi wa mwanzo kuitazama rap ya Kiswahili kwa makini. Makala yake na Peter Jan Haas ilichapishwa katika kitabu cha Mashindano! cha mwaka 2000. Yeye ndiye aliyesimamia kazi za kundi hilo nje. Mwaka 2004 albamu yao ilitolewa na Out Here Records ya Munich, Ujerumani, kwa jina la Maasai Hip Hop.

Tusimame kwenye jina hilo. Kundi lilikuwa na wachanaji kadhaa, na mwimbaji wa Kimasai mmoja. Hata hivyo kilichopandishwa kwenye jalada ni Umasai. Mwandishi huyu haoni ulaghai hapo, anaona hesabu ya soko. Mnunuzi wa Berlin au Amsterdam hajui Arusha iko wapi, lakini Mmasai anamjua tangu kwenye vitabu vya picha. Ndiyo sababu hiyohiyo inayofanya duka la Karatu litundike shuka nyekundu mlangoni hata kama faida yake kubwa inatokana na maji ya chupa.

Jina likafanya kazi yake. Kundi likasafiri Ulaya, na hata Brazili likafika. Kwa miaka mingi ndege ya KLM kutoka Amsterdam imekuwa ikishusha watalii wa Ngorongoro pale KIA. Kwa X Plastaz njia hiyo ilikwenda kinyume, bidhaa ikamfuata mnunuzi kwake.

Mapokezi yalikuwa ya sura mbili. Huko nje walisikika kama jambo jipya, mkutano wa mila na mtaa, na wasomi wa muziki wakawaweka kwenye vitabu na mihadhara yao. Hapa nyumbani waliheshimiwa kwa uzito wa mashairi. Wimbo wao Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki, jina lake tu linatosha kueleza walikosimama. Lakini soko la bongo fleva lililokuwa likikua Dar es Salaam lilielekea kwenye nyimbo za mapenzi na za kuchezeka, na aliyekaa Arusha alikuwa mbali na redio na mbali na wasambazaji wa kaseti wa Kariakoo. Sifa za magazeti ya nje hazikuuza kaseti Manzese.

Mwaka 2006 kundi likapata pigo: Nelly aliuawa Arusha. Halikusimama upya kama lilivyokuwa. Gsann aliendelea, na mwaka 2009 alichana kwa Kiswahili kwenye kipindi cha tuzo za hip hop za BET nchini Marekani, jukwaa ambalo Mtanzania hakulizoea.

Sasa tuje kwenye swali la mfanyabiashara: sauti ile ni mali ya nani? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inalijibu kwa mafungu. Mtunzi ana haki yake. Mwimbaji ana haki juu ya uimbaji wake, na aliyegharimia kurekodi ana haki juu ya rekodi. Lakini wimbo wa mila, ambao hauna mtunzi anayejulikana, umewekwa kwenye sehemu yake ya pekee ya sheria hiyo: anayetaka kuutumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa. Maana yake ni kwamba kijana wa boma la Ngorongoro akirekodiwa, wimbo wa mababu si wake peke yake, ila uimbaji wake ni wake. Asipokuwa na karatasi iliyosainiwa, anakuwa ameuza ng'ombe kwa bei ya maziwa.

Fedha zenyewe ni kiasi gani? Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya kazi zilizopigwa redioni, jumla takriban Sh milioni 312 kwa wanamuziki 1,123. Gawanya: wastani ni kama Sh 278,000 kwa kila mmoja. Si fedha ya kujengea nyumba. Lakini ni fedha inayoweza kurudi tena mwaka unaofuata bila msanii kuruka wala kupigwa picha, na kiingilio cha boma hakina tabia hiyo.

Mwaka huohuo wa 2022 sheria ilirekebishwa ili vyama vya wenye haki vikusanye mirabaha vyenyewe, na mwaka 2023 ikaja tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vya kunakilia kazi za sanaa. Wauzaji wa vifaa hivyo waiingize tozo hiyo kwenye bei zao. Wenye baa, mabasi na loji za Karatu nao wakumbuke kwamba muziki unaopigwa mbele ya wateja una leseni yake.

Kwa upande wa Ngorongoro hali ni nyeti zaidi. Tangu 2022 familia nyingi za Kimasai zimehamishiwa Msomera, Handeni, mkoani Tanga, na waimbaji wengine wamekwenda nazo. Boma halihamishiki na watalii wake. Atakayebaki bila kiingilio cha lango atahitaji kitu cha kuuza akiwa mbali na barabara ya Loduare. Rekodi husafiri. Studio ndogo ya kompyuta, maikrofoni mbili na mkataba wa kurasa tatu ulioandikwa kwa Kiswahili ni mtaji ambao kikundi cha watu kumi kinaweza kuchangishana, na Arusha mafundi wa kazi hiyo wapo.