Mtoto wa Bunia na Jiko la Voronezh

Mgeni hafiki Voronezh bila kupokelewa. Hiyo ndiyo desturi ya kwanza niliyoikuta kwa wanafunzi Wakongomani wa mji ule, na ndiyo iliyoniokoa. Treni ya usiku kutoka Moscow iliniteremsha alfajiri, mwezi wa Oktoba 2015, nikiwa na sanduku moja, koti la mtumba nililolinunua kwetu Bunia, mashariki mwa Kongo, na karatasi yenye anwani ambayo sikuweza kuisoma, kwa kuwa herufi zake sikuzijua. Vijana wawili walikuwa wamesimama kwenye baridi wakinisubiri. Mmoja wa Kisangani, mwingine wa Bukavu. Hawakunijua. Mama yangu alimpigia simu mama mmoja wa kanisani kwetu, naye akampigia mpwa wake aliyesoma Moscow, na habari ikatembea hadi Voronezh kabla yangu. Yule wa Bukavu alivua kofia yake ya sufu akanivika, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilikuwa nimesafiri siku nne. Kutoka Bunia kwa gari hadi Mahagi, nikavuka mpaka wa Goli hadi Kampala, ndege kutoka Entebbe hadi Moscow, ndipo treni. Nilipoulizwa kama nimekula, ndipo nilipolia.

Njia hii ya Kongo kwenda Urusi ni ya zamani. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960, na tarehe 22 Februari 1961, siku chache baada ya dunia kutangaziwa kifo cha Patrice Lumumba, kikapewa jina lake. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992, likarudishwa Machi 2023. Kwetu Ituri, mkoa wa Bunia, jina hilo lina uzito wa pekee, kwa maana tulikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki, ambao mji wake mkuu, Stanleyville, Kisangani ya leo, ndiko Lumumba alikofanya kazi ya posta na kujijengea wafuasi. Babu yangu, hadi anafariki, aliwaambia watu kwamba mjukuu wake anasoma "kwa Lumumba". Nilimweleza mara nyingi kwamba niko mji mwingine, mwendo wa kilomita mia tano kusini mwa Moscow. Alinisikiliza vizuri, kisha akaendelea kusema vilevile, nami nikaacha kumsahihisha.

Mwaka wa kwanza si wa udaktari, si wa uhandisi. Ni wa lugha tu. Wanafunzi huuita podfaki, yaani kitivo cha maandalizi. Ukishindwa mtihani wa mwisho wa podfaki, safari imekwisha. Nimeona vijana wenye akili wakiogopa Kirusi kama ugonjwa, lakini naamini mtoto wa Bunia ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Amekua na Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni, Lingala kwa askari na kwenye muziki, na nyumbani Kialur, Kilendu, Kihema au Kibira. Tena mtu anayesema "kiti kizuri kimevunjika" na "mti mzuri umevunjika" bila kufikiri, hashangai anapoambiwa kwamba Kirusi nacho kinataka maneno yafuatane na kupatana. Tofauti ni kwamba wao hubadilisha mkia wa neno, sisi tunabadilisha kichwa.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni adabu zao. Kwetu Bunia, mtu mzima aliyezaa haitwi jina lake tupu. Ni Mama Neema, ni Baba Dieudonné, anaheshimiwa kupitia mtoto wake. Warusi wanamheshimu mtu kupitia baba yake. Mwalimu aitwaye Nina, binti wa Pyotr, utamwita Nina Petrovna, na ukimwita Nina peke yake umemvunjia heshima mbele ya darasa. Siku ya kuandikishwa bwenini, komendanti, yule mama msimamizi wa jengo, aliniuliza baba yangu anaitwa nani. Nilidhani anataka kujua nani atalipa. Kumbe alitaka kujua aniite vipi.

Salamu zilitutesa. Kwetu huwezi kuingia mahali penye watu ukanyamaza. Unasalimia, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za usiku. Voronezh unaingia kwenye lifti, watu watatu wanatazama sakafu, ukiwasalimu wanashtuka. Miezi ya mwanzo nilidhani tunachukiwa. Wapo waliotuchukia kweli, nami sitaficha: Februari 2004 mwanafunzi kutoka Guinea-Bissau alichomwa kisu hadi kufa katika mji uleule, na tangu hapo wakubwa wetu waliweka sheria ambayo kila mupya, yaani mgeni, aliambiwa usiku wa kwanza: giza likiingia, hakuna kutembea peke yako. Tuliishika hadi mwisho. Ila uso mkavu wa njiani ni jambo lingine kabisa. Mrusi hamchekei mtu asiyemjua. Ukishavuka kizingiti cha nyumba yake, ukavua viatu na kupewa ndara za wageni, mambo yanageuka. Chai haiishi, jamu ya matunda inatolewa mtungi baada ya mtungi, na ukisema umeshiba mama mwenye nyumba anaumia kama mama wa Bunia anavyoumia.

Mwalimu wetu mmoja alikuwa na dacha, kijumba cha shambani nje ya mji, kama walivyo nacho Warusi wengi. Mwezi wa Mei alitualika kupanda viazi, Septemba kuvivuna. Wenzetu wa Kinshasa walishangaa profesa kushika jembe. Sisi wa Ituri hatukushangaa, kwani tunawajua walimu wa Bunia ambao Jumamosi wako shambani na maharagi yao. Tulichimba tukiimba. Yule mwalimu alisimama, akatusikiliza, halafu naye akaimba wimbo wa kwao.

Lakini maisha yenyewe yalikuwa jikoni. Bweni, ambalo kila mtu huliita obshaga, lina vyumba vya watu wawili hadi wanne, na kila ghorofa ina jiko moja la wote. Pale ndipo tulipokuwa kijiji. Unga wa muhogo haukuwepo, basi bugali tuliisonga kwa manka, semolina ambayo Warusi huwapikia watoto uji wa maziwa. Inashikana vizuri, ingawa haina harufu. Badala ya sombe, majani ya muhogo, tulipika spinachi. Mawese yalikuwa dhahabu: mtu akitoka Moscow au akirudi likizo Kongo na chupa moja, ilikaa miezi mitatu, kijiko kimoja kila Jumapili. Wavietinamu wa ghorofa yetu walikaanga samaki wa chumvi, na Warusi walifungua madirisha kwa harufu. Sisi tulisogea karibu, maana ilikuwa harufu ya Kasenyi na Tchomia, harufu ya Ziwa Albert.

Jiko lilikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Mupya hachangii kitu mwezi wake wa kwanza. Jumapili hakuna anayekula peke yake, hata kama ana mtihani Jumatatu. Aliyepika haoshi vyombo. Na wavulana wanapika. Hili la mwisho liligusa mila zetu, kwa kuwa wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba mwiko ni kazi ya dada. Mwanzoni wasichana wawili wa kundi letu walipika kila siku, huku nao wakiwa na masomo yaleyale ya tiba. Siku moja walikataa. Tulikula mkate mweusi siku tano, halafu tukajifunza. Leo nasonga bugali nyumbani kwangu Bunia, jirani wananitazama, na sioni aibu.

Kulikuwa pia na likelemba. Wanafunzi wanane, kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja anabeba zote kwa zamu. Posho ya mwenye bursi, yaani ufadhili wa masomo, ya serikali ya Urusi haikutosha chakula cha wiki mbili. Likelemba ndiyo iliyotununulia viatu vya theluji, mtu mmoja mmoja, na aliyekuwa mwisho wa foleni alitembea na viatu vya kuazima hadi Februari.

Na jua. Bunia iko karibu na ikweta, mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, ndiyo maana saa zetu za Kiswahili zinafanya kazi: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na baada yake saa moja. Voronezh mwezi wa Juni urefu wa mchana unapita saa kumi na sita, na mwishoni mwa Desemba urefu wake haufiki saa nane. Unakwenda darasani gizani, unarudi gizani. Wengine huzuni iliwaingia mwilini kama homa. Wakubwa walikuwa wanagonga milango ya wapya saa za jioni, bila sababu, kuuliza tu: "Umeshakula?" Nilielewa baadaye kwamba hawakuwa wanauliza chakula.

Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, tulikuwa nyumbani kidogo. Bunia siku hiyo akina mama hushona vikwembe vya aina moja na kuandamana. Voronezh wanaume wote hubeba maua. Mwaka wa kwanza niliwanunulia walimu wangu maua mawili mawili, nikijua nimefanya vizuri. Mwenzangu wa Kirusi alinizuia mlangoni. Maua ya walio hai ni moja, matatu au matano. Idadi inayogawanyika kwa mbili ni ya kaburini.

Naja sasa kwenye jambo lililonifanya niandike. Desemba 2017 vita vilirudi Djugu, kwetu Ituri. Mwanzoni mwa 2018 vijiji viliungua, maelfu walikimbilia Bunia, maelfu wengine walivuka ziwa kwenda Uganda. Ilikuwa wakati wa mitihani ya Januari na Februari. Watu wa Ituri katika bweni letu tulikuwa watano, miongoni mwetu Mhema mmoja na Mlendu mmoja, wote wawili wa Djugu. Sisi ni watoto wa vita vya Wahema na Walendu vya 2003. Tulijua jinsi vilivyowagawa majirani wa Bunia mtaa kwa mtaa. Kwa siku kadhaa watu hawa wawili hawakutazamana jikoni. Kila mmoja alisubiri simu yake.

Simu ilimlilia kwanza Mhema. Shangazi yake na watoto wawili. Mama yake alimwambia maneno machache tu: "Tulishakimbia. Tuko hapa Bunia. Wale hawakufika."

Kwetu kilio hakikaliwi na mtu mmoja. Watu hukaa chini, moto unawashwa nje, nyimbo zinaimbwa usiku kucha, sahani ya mchango inazunguka. Katika obshaga ni marufuku kupiga kelele baada ya saa tano usiku, na moto hauwashwi popote. Tulikaa chini kwenye sakafu ya jiko. Tuliwasha jiko la gesi bila sufuria juu yake. Tuliimba midomo imefungwa. Na aliyeinuka usiku ule kusonga bugali ya wafiwa alikuwa yule Mlendu. Hakusema neno. Aliweka sahani mbele ya mwenzake, akakaa karibu naye, na walikaa hivyo mpaka asubuhi.

Komendanti alipanda kutufokea. Alituona, akauliza, akaambiwa. Alishuka bila kusema kitu, akarudi na maua mekundu mawili, akayaweka dirishani. Kisha akatueleza kwamba kwao marehemu anakumbukwa siku ya tatu, siku ya tisa na siku ya arobaini. Tukamwambia kwamba hata katika Kiswahili neno arobaini lina maana hiyo, kwa ndugu zetu Waislamu. Siku ya arobaini alileta chapati zake nyembamba, blini, akala nasi. Kufikia hapo Mlendu naye alikuwa amefiwa, na sahani ya mchango ilikuwa imezunguka mara ya pili.

Nilirudi Bunia mwaka 2022, nikaukuta mkoa chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021. Wale wawili ni madaktari sasa, na bado wanapigiana simu. Nimekuwa nikiulizwa na wazazi kama wapeleke watoto wao Urusi. Mambo yamekuwa magumu. Western Union ilisimamisha kazi zake huko Machi 2022, kadi za Visa na Mastercard za nje zikaacha kufanya kazi, na mzazi wa Bunia hana njia nyepesi ya kumtumia mtoto dola hamsini. Wapo pia wanaovua vijana kwa ahadi. Mwaka 2024 waandishi wa habari walifichua habari za wasichana wa Kiafrika walioahidiwa kazi za hoteli na upishi pamoja na masomo, wakajikuta Yelabuga, Tatarstan, wakiunganisha ndege za kivita zisizo na rubani. Mwaka 2022 wanafunzi wawili, Mzambia na Mtanzania, waliochukuliwa kutoka gerezani huko Urusi, walifia vitani Ukraine.

Sisemi msiwapeleke. Elimu niliyoipata inawatibu watu wa Bunia leo. Nasema msiwapeleke mkononi mwa msiyemjua. Mtu akikuletea karatasi ya bursi, usianze kwa kuuliza bei ya tiketi. Muulize jina la mwanafunzi Mkongomani aliyeko katika mji huo, na namba yake ya simu. Ipige mwenyewe, mbele yake, umsikie. Na umuulize huyo mwanafunzi kama siku hiyo atakuwa stesheni.